Taulo la Upande wa Kushoto

Ukitaka kunyolewa vizuri mtaani hapo, ulikwenda kwa Kinyozi. Duka lake lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake. Humo mlikuwa na kiti kimoja cha kuzunguka, kioo kikubwa chenye ufa pembeni, na benchi la wateja. Wengine walikaa benchi kusubiri zamu. Wengine, kusema kweli, walifuata umbea tu. Nywele zao zilikuwa hazijaota hata kidogo.

Mkewe aliitwa Mama Pacha. Pacha wenyewe walikuwa watu wazima, kila mmoja na familia yake, mbali. Nyumbani walibaki wawili, baba na mama, na kazi yao ilikuwa moja. Mama Pacha alifua mataulo, alichemsha maji, alifagia nywele. Mumewe akinyoa, yeye alisimama upande wake wa kushoto. Kinyozi alishika wembe kwa mkono wa kulia. Mkono wa kushoto aliunyoosha pembeni bila kutazama, akaufungua. Papo hapo taulo lenye joto lilitua kiganjani. Mume hakuomba na mke hakuuliza. Walifanya hivyo tangu pacha hawajazaliwa.

"Siku taulo likichelewa," Kinyozi aliwatania wateja, "mjue nimeachwa."

Asubuhi moja taulo lilianguka sakafuni.

Mama Pacha alicheka. Alidhani mumewe anafanya mzaha. Aliinama, akaliokota, akamwekea tena kiganjani. Taulo likaanguka tena. Mkono wa kushoto ulikuwa unaning'inia tu. Alipomtazama usoni, aliona mdomo umekwenda upande.

"Nimechoka kidogo," Kinyozi alisema kwa ulimi mzito. "Nitalala, itapita."

Mteja aliyekuwa kitini alikuwa dereva wa lori. Aliruka na povu lake shavuni. "Mdomo umepinda, mkono umelegea, maneno hayatoki sawa," alisema. "Hiki ni kiharusi. Hakuna kulala hapa. Hospitali, sasa hivi."

Walimkimbiza. Daktari wa zamu aliwaambia kwamba kuwahi kwao ndiko kulikomwokoa. Damu ilikuwa imezibwa njia katika upande wa kulia wa ubongo. Na upande huo wa kulia, alieleza, ndio unaoongoza mkono na mguu wa kushoto.

Kinyozi alirudi nyumbani na vidonge vya presha, mkono dhaifu na mguu mzito. Kusema alisema vizuri. Hata utani ulirudi. Mama Pacha alimshukuru Mungu, akafunga duka, akaanza kumuuguza kwa moyo wote.

Lakini huyu mume aliyerudi hakuwa yule aliyemjua.

Mama Pacha alikaa naye benchini, mahali pake pale pale, kushoto kwake. Alimsimulia habari za mtaa. Kinyozi alitazama mbele, kimya. Alimuuliza kama anataka maji. Hakujibiwa. Kisha alikuja Shemeji, mdogo wake Kinyozi, seremala mwenye sauti ya kujaza nyumba. Shemeji akakaa upande wa pili wa benchi, na hapo hapo ndugu hao wawili wakaanza kucheka mpaka wakakohoa.

Chakula nacho kikawa ugomvi. Kinyozi alikula nusu ya sahani, akaweka kijiko chini.

"Siku hizi unanipunja," alisema.

Sahani bado ilikuwa na wali na mchuzi, nusu nzima. Mama Pacha aliiondoa mezani.

Siku nyingine Kinyozi aliomba brashi na kioo ajipake povu, ili Shemeji amnyoe. Alipaka shavu la kulia, akapaka kidevu mpaka katikati. Akaweka brashi. "Tayari," alisema. Shemeji alivunjika mbavu kwa kicheko. Mama Pacha hakucheka. Mtu aliyenyoa watu maisha yake yote anaacha shavu zima, halafu anasema tayari? Aliona ni jeuri. Aliona anafanyiwa yeye.

Kumwinua ndiko kulikuwa kazi kubwa zaidi. Shemeji alishika mkono mmoja, Mama Pacha akashika ule dhaifu, wakahesabu, wakavuta. Kinyozi alipiga kelele kila mara. "Mnaning'oa bega," alisema. Kweli bega lilianza kuuma hata akiwa amelala.

Moyo wa Mama Pacha ukakatika vipande. Alimwita Shemeji uani.

"Kaka yako amenipa kisogo," alisema. "Nikiongea hanisikii. Nikipika namnyima. Nikimgusa namuumiza. Jumamosi njoo na gari umchukue, akae kwako na watu anaowataka."

Shemeji alikuna kichwa. "Una hakika, shemeji?"

"Sina hakika. Nimechoka."

Jioni hiyo alikunja mashati ya mumewe, akayapanga kwenye begi. Alilia huku akikunja. Kinyozi alikuwa amekaa hatua chache tu kutoka pale, na hakugeuka hata mara moja.

Chumba cha uani kilikuwa na mpangaji, msichana wa mwaka wa pili chuoni. Alisomea kuwa msaidizi wa fiziotherapia. Hawa ndio watu wanaomsaidia mgonjwa ajifunze tena kukaa, kusimama na kutembea. Mtaani walimwita Daktari. Alikuwa amewasahihisha mpaka amechoka, sasa anaitika tu.

Kesho yake Daktari alikuja kuazima pasi. Alikuta Kinyozi amemaliza kula.

"Shikamoo, baba," alisema kutoka mlangoni.

Kinyozi hakuitika.

"Usijali, mwanangu," Mama Pacha alisema. "Hata mimi hanijibu."

Daktari alisimama kidogo. Alitazama mlango, akatazama benchi. Kisha akapita mbele ya Kinyozi, akaenda kusimama upande wake wa kulia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti. Umeingia saa ngapi? Sikukuona."

"Sasa hivi tu. Umeshiba, baba?"

"Nishibe nini? Mama Pacha siku hizi ananiwekea chakula cha ndege."

Daktari aliinama. Akaishika sahani, akaizungusha taratibu, mpaka upande wa kushoto ukawa kulia.

Kinyozi aliitazama. Akainua nyusi.

"Ala. Hiki kimetoka wapi?"

Akachukua kijiko, akala mpaka punje ya mwisho.

Mama Pacha aliitazama sahani tupu, akamtazama mumewe, akaitazama tena sahani. Alihisi ameona kitu kikubwa, lakini hakujua ni kitu gani.

Walitoka wakakaa kwenye ngazi ya jikoni, pasi katikati yao.

"Mama, macho yake yanaona," Daktari alisema polepole. "Masikio yanasikia. Ila ubongo umeumia, na umeacha kuujali upande wa kushoto. Hasemi uongo anaposema chakula kimekwisha. Kwake kimekwisha kweli. Hajui kwamba kuna nusu nyingine."

"Mtu anawezaje kusahau nusu ya dunia?"

"Hata mimi siku ya kwanza nilipofundishwa sikulala. Lakini ndivyo ilivyo. Si jeuri na si hasira. Ni ugonjwa."

Daktari akamuuliza kwa upole, "Mama, wewe ukikaa naye hukaa upande gani?"

Mama Pacha alipita nyumba nzima kichwani. Aliliona benchi lao. Aliiona meza ya chakula. Alikiona kitanda. Kote huko mahali pake palikuwa kushoto. Alishika tama, na machozi yakaanza kumtoka.

"Kwa hiyo hanichukii?"

"Hakuoni, mama. Mimi ni mwanafunzi tu, sitaki kukubunia dawa. Keshokutwa tuna darasa la vitendo. Mwalimu wetu hukaribisha wagonjwa na jamaa zao. Njooni."

"Nimwanike mume wangu mbele ya watoto wa watu?"

"Hatumwaniki. Sisi ndio tunakuja kujifunza kwake. Muulize mwenyewe."

Mama Pacha alikwenda kumuuliza. Safari hii alikaa kulia kwake. Kinyozi alimgeukia, akatabasamu kama mtu aliyepokea mgeni kutoka safari.

"Hao wanafunzi wana ndevu?" aliuliza.

"Wengine wanazo."

"Basi twende. Nimewamisi wateja."

Darasa halikuwa na madawati. Lilikuwa ukumbi wenye vitanda vifupi vipana, magodoro na kioo cha ukuta mzima. Sakafu ilinukia dawa ya kusafishia. Pembeni kulikuwa na ngazi za mbao zilizopanda vidato vichache, zikashuka upande wa pili bila kufika popote. Shemeji, seremala, alizitazama kwa mashaka.

"Aliyejenga hizi alisahau ghorofa," alinong'ona.

Wanafunzi walikuwa wamefungwa mkono mmoja kwa kitambaa. Walihangaika kuvaa mashati na kufunga vifungo. Mmoja mwenye ndevu nyingi alikuwa amepitisha kichwa kwenye mkono wa shati, akakwama humo.

"Leo asubuhi wao ndio wagonjwa," Mwalimu alieleza. Alikuwa mwanamke mfupi, mikono ya shati ameikunja. "Asiyejua kukwama, hajui kusaidia. Karibu, baba. Karibu, mama. Sasa nionyesheni, nyumbani mnamwinuaje?"

Shemeji alisonga mbele kwa kujiamini. Akaukamata mkono dhaifu.

"Ishia hapo hapo," Mwalimu alisema. "Uachie polepole. Bega hushikiliwa na misuli. Misuli ya bega hili imelegea. Ukiuvuta mkono, unavuta mfupa utoke mahali pake. Hayo ndiyo maumivu yake."

Shemeji aliuachia kana kwamba ameshika kaa la moto. Mama Pacha alitazama chini. Aliyeuvuta mkono huo mara nyingi ni yeye.

"Hamkujua," Mwalimu alisema, kama aliyemsikia. "Karibu kila familia huvuta. Wewe, bwana mwenye nguvu, kaa kwenye kiti hiki. Egemea nyuma vizuri."

Shemeji alikaa. Mwalimu akamwekea kidole kimoja kwenye paji la uso.

"Simama."

Shemeji alicheka. Akajaribu. Akajaribu tena, akavimba shingo, akashika magoti. Yule anayebeba mbao begani hakuweza kuinuka mbele ya kidole cha mwanamke mfupi.

"Unanifanyia uchawi?" aliuliza.

"Nimekizuia kichwa tu. Mtu hasimami kwa kwenda juu. Husimama kwa kwenda mbele kwanza. Kichwa kisipokwenda mbele, makalio hayanyanyuki, hata uwe simba."

Akaondoa kidole. Shemeji akainamisha kifua mbele, na mwili ukainuka wenyewe. Alibaki amesimama, anajitazama miguu. Wanafunzi walicheka. Mama Pacha aliketi kwenye kiti kingine akajaribu mwenyewe, mbele na nyuma, mbele na nyuma. Amekuwa akisimama tangu utotoni, na hakuna aliyewahi kumwambia anavyosimama.

"Sasa baba," Mwalimu alisema. Akamteua Daktari.

Daktari alikuwa na jasho juu ya mdomo. Alimkumbatia Kinyozi kiunoni, akamnyanyua kwa nguvu zake zote. Kinyozi alipanda, akayumba, miguu ikiburuta.

"Umebeba gunia," Mwalimu alisema. "Mketishe. Anza tena. Na safari hii, ngoja."

Daktari alivuta pumzi. Alimsaidia Kinyozi kusogea ukingoni mwa kiti. Akairudisha miguu yake nyuma kidogo, chini ya magoti, nyayo zote mbili sakafuni. Akakaa mbele yake, upande wa kushoto. Akaweka mkono mmoja kwenye lile goti dhaifu, kulilinda lisikunjike. Mkono wa pili aliuweka nyuma ya nyonga.

"Pua mbele, baba. Ipite vidole vya miguu. Halafu inuka."

Kisha akangoja.

Kinyozi aliinama mbele. Hakuna kilichotokea. Mama Pacha alitaka kukimbia akamshike, na Mwalimu akamgusa bega kumzuia. Paja la kushoto lilianza kutetemeka. Lilitetemeka, likakaza, likatetemeka tena. Mama Pacha aliuona mguu ule mzito, aliouinua kama gogo kila asubuhi, unatafuta kazi yake ya zamani. Taratibu mno Kinyozi akaenda mbele, akaenda juu, akasimama.

"Nani amenivuta?" aliuliza.

"Hakuna aliyekuvuta, baba," Daktari alisema.

Mama Pacha alikuwa ameona pacha wake wakizaliwa. Hakuwa ameona jambo jingine la ajabu kama hilo mpaka siku hiyo.

Baada ya kupumzika, Mwalimu aliita ndevu. Yule mwanafunzi aliyekwama kwenye shati akaja kukaa mbele ya kioo. Kinyozi alipewa kiti kirefu kando yake, Daktari akiwa karibu kumlinda asianguke. Alipewa brashi na kibakuli cha povu. Wembe alinyimwa, na alilalamika kidogo.

Alipaka. Mkono wa kulia ulikuwa bado una ufundi wake, brashi ikizunguka kwa raha. Povu likajaa shavu moja, likafika katikati ya kidevu, likakoma.

"Tayari," Kinyozi alisema.

Hakuna aliyecheka. Mwalimu alimgeukia Mama Pacha.

"Mama, dukani kwenu, yeye akinyoa, wewe ulikuwa unafanya nini?"

Mama Pacha alieleza. Alieleza mkono wa kushoto ulivyonyooka bila kutazama. Alieleza taulo. Alieleza hata ule utani wa mumewe kwa wateja.

"Hilo silo la kufundishwa na mimi," Mwalimu alisema. "Liko kwenu tayari. Tafuteni taulo na maji ya vuguvugu. Yasiwe ya moto, mkono huu unaweza kuungua usijue. Wewe binti, tegemeza kiwiko chake. Usimfanyie. Mama, simama mahali pako."

Mama Pacha alisimama kushoto. Alikamua taulo, akalikunja kama siku zote, akaliweka kwenye kiganja cha mumewe.

Kiganja kilitulia tu.

"Lisugue kidogo kiganjani," Mwalimu alisema kwa sauti ya chini. "Mwite. Kisha mpe muda."

"Baba Pacha," Mama Pacha alisema. "Taulo."

Akangoja. Aliona kidole kimoja kimecheza. Kinyozi alikunja uso, kama mtu anayesikia anaitwa kutoka mbali na hajui ni wapi. Macho yake yaliondoka kulia. Yakapita povu. Yakapita pua ya yule kijana. Yakakwama, yakarudi. Mama Pacha alilisugua tena taulo kiganjani. Kichwa kikageuka, kidogo, kidogo zaidi, kikavuka katikati. Macho yakashuka kwenye mkono wake mwenyewe, yakaliona taulo. Kutoka kwenye taulo yakapanda mkono wa mkewe, mpaka yakafika usoni kwake.

Wakatazamana.

"Ulikuwa wapi?" Kinyozi aliuliza.

"Hapa hapa."

"Siku zote hizi?"

"Siku zote hizi, Baba Pacha."

Daktari alijifuta macho kwa bega, maana mikono yake ilikuwa kazini. Mwalimu alimwona, akamwacha.

Kinyozi aligeuka kumtazama mteja wake. Akashtuka.

"Wewe kijana, nani huyo asiye na adabu aliyekupaka povu nusu?"

Hapo ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Kinyozi aliwatazama mmoja mmoja. Kisha akaelewa, akacheka kuliko wote. Akachovya brashi, akaanza kulitafuta shavu la pili.

Walipotoka, Shemeji aliuliza kwa sauti ndogo ambayo haikuwa yake. "Jumamosi nije na gari?"

"Njoo," Mama Pacha alisema. "Ila uje na mbao. Benchi letu ni fupi mno. Kiti kikiwa juu kidogo, atainuka kwa urahisi."

Begi lilifunguliwa, mashati yakarudi kabatini.

Nyumbani mambo yalibadilika. Mkono dhaifu ulilazwa juu ya mto, na hakuna aliyeuvuta tena. Mama Pacha alibandika utepe mwekundu kwenye ukingo wa kushoto wa sahani, wa meza na wa kioo. "Tafuta nyekundu kwanza," alimwambia mumewe kila mara. Yeye mwenyewe alirudi kukaa kushoto. Alimgusa mkono, akamwita, akangoja ageuke. Wageni walifundishwa kufanya hivyo hivyo, na aliyekaa kulia kwa uvivu alihamishwa.

Haikuwa rahisi. Kuna siku Kinyozi aligonga bega la kushoto mlangoni, akaulaumu mlango. Kuna siku alisahau kila kitu, akakasirika, akakataa mazoezi. Walirudi kwa Mwalimu mara kwa mara, na vidonge vya presha havikukosa. Wanafunzi wapya walipoingia, Kinyozi aliwakaribisha kama mwenye ukumbi.

Ikafika siku ya kufungua duka. Mteja wa kwanza alikuwa yule kijana mwenye ndevu, ambaye sasa alikuwa amemaliza chuo pamoja na Daktari. Kinyozi alikaa kwenye kiti kirefu alichotengeneza Shemeji. Alitumia mashine, si wembe. Alinyoa upande wa kulia. Akasita. Macho yakasafiri kwenye kioo mpaka kwenye utepe mwekundu, yakarudi, yakaliona shavu la kushoto. Akalinyoa.

Mama Pacha alisimama mahali pake, amepigwa na butwaa. Alikuwa anatazama tu. Alisahau kabisa alikuja kufanya nini.

Mkono wa kushoto ulikuwa umelala pajani mwa Kinyozi. Uliteleza ukatoka pembeni, polepole, ukitetemeka. Ukageuza kiganja juu. Vidole vikafunguka nusu, vikangoja. Kinyozi aligeuza kichwa chote upande wa kushoto. Hakuna aliyemgusa na hakuna aliyemwita.

"Mama Pacha," alisema, "nimeachwa?"

Mama Pacha aliliweka taulo kiganjani mwake, na vidole vikajifunga.